Jimmy Chamberlin anastahili zaidi ya sentensi moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu makala ya bendi za roki za Marekani za miaka ya 90 iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa burudani. Nawapongeza kwa kuichapa, maana muziki ule hauandikwi sana kwa Kiswahili na vijana wanaousikiliza ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi alipofika kwa Smashing Pumpkins, bendi ya Chicago, alimweleza vizuri mwimbaji wao Billy Corgan, akasifu magitaa, akasifu hata fidla zilizomo kwenye kibao chao kimoja maarufu. Kisha akafika kwa mpiga dramu, akampa sentensi moja: kwamba mwaka 1996 alifukuzwa kwa sababu ya dawa za kulevya, na hakurudi tena. Hata jina hakumtaja.

Anaitwa Jimmy Chamberlin. Mimi mwenyewe ni mpiga dramu. Nimecharaza kwenye bendi za dansi hapa Dar es Salaam tangu ujana, nimepiga kanisani, na siku hizi nafundisha vijana uani kwangu Magomeni. Nikisoma habari ya bendi yoyote, namtafuta kwanza aliyekaa nyuma. Huyu nimemsikiliza tangu mpwa wangu aliponiletea kaseti yao, kwa sababu ndani ya mngurumo wa magitaa nilisikia mkono ninaoujua, mkono wa jazz. Kwa maoni yangu ufundi huo ndio ulioitengeneza ile bendi. Msomaji akielezwa mkasa wa mtu huyu bila kuelezwa mikono yake ilifanya nini, amepewa habari ya polisi tu. Ya muziki hajapewa.

Chamberlin alizaliwa Juni 10, 1964, huko Joliet, mji wa viwanda na reli ulio kusini-magharibi mwa Chicago, jimbo la Illinois. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita. Baba yake alipiga klarineti kwenye bendi za jazz, kaka yake Paul alipiga dramu. Yeye alianza kushika vijiti akiwa na miaka 9. Jazz ninayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, ya kina Duke Ellington na John Coltrane, si dansi letu la kina Morogoro Jazz na Western Jazz.

Na eneo lile lina historia kwa watu wa fani yetu. Gene Krupa, mtu aliyemtoa mpiga dramu nyuma akamweka mbele ya macho ya watazamaji, alizaliwa Chicago mwaka 1909. Januari 1938 alikuwa jukwaani Carnegie Hall, New York, na bendi ya Benny Goodman, usiku ambao wapenzi wa jazz wanauzungumzia hadi leo. Dramu za Ludwig, ambazo nusu ya wapiga dramu wa dunia waliota kuzimiliki, kiwanda chake kilianzia Chicago hiyohiyo. Kijana wa Joliet hakulazimika kwenda mbali kujua kwamba kupiga dramu ni kazi ya watu wazima wenye akili zao.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Charlie Adams, ambaye baadaye alizunguka dunia akimpigia Yanni, mpiga kinanda maarufu kutoka Ugiriki. Adams alimfundisha mapigo ya bendi kubwa za jazz, ya Kilatini na ya Kibrazili. Naomba niseme hiyo maana yake nini kwa vitendo, kwa sababu hapo ndipo penye siri. Bendi kubwa ina wapulizaji zaidi ya kumi: tarumbeta, tromboni, saksafoni. Wote wanaingia kwa pamoja, kwa kishindo, sehemu iliyoandikwa kwenye karatasi. Mpiga dramu anatakiwa ajue kishindo hicho kinakuja kabla hakijafika, apige kitu kifupi cha kuwainua wale watu pumzi zao, halafu aangukie nao pale pale. Akichelewa kidogo, bendi nzima inajikwaa. Mapigo ya Kibrazili nayo yanamlazimisha kila mguu na kila mkono uwe na habari yake, mguu wa kulia ukisema hili na mkono wa kushoto ukisema lile, wala visigombane. Mtoto aliyepitia shule hiyo miaka yake yote ya kukua hawezi tena kukaa kwenye dramu akasikia pigo moja tu.

Wapiga dramu aliowasikiliza ni Krupa, Buddy Rich, Tony Williams na Elvin Jones kwa upande wa jazz. Na kwa upande wa roki Keith Moon, John Bonham na Ian Paice. Orodha hiyo ukiijua, unaweza kumsikia kila mmoja wao kwa zamu ndani ya wimbo mmoja.

Alitoka nyumbani akiwa na miaka 15, akaanza kuishi kwa vijiti vyake katika bendi za maeneo yale. Baadaye akaingia JP and the Cats, bendi ya burudani za ukumbini, iliyokuwa inalipa vizuri. Wenzangu tuliopiga hotelini tunayajua maisha hayo. Unapiga kopi usiku kucha, wageni wanakula, wewe unahakikisha hakuna anayeshtuka na kijiko mkononi. Yanakufundisha nidhamu na yanakuchosha roho. Alichoka, akaacha, akaenda kufanya kazi ya kujenga nyumba na shemeji yake. Huyo ndiye mtu ambaye Smashing Pumpkins walimkuta mwaka 1988: fundi wa ujenzi mwenye miaka 24 ambaye kichwani ana Tony Williams.

Bendi wakati huo ilikuwa Corgan, James Iha kwenye gitaa, D'arcy Wretzky kwenye besi, na mashine ya dramu. Ndiyo, mashine. Joe Shanahan, mwenye ukumbi wa Metro hapo Chicago, alikubali kuwapa nafasi kwa sharti kwamba watafute mtu wa kupiga dramu kwa mikono. Oktoba 5, 1988 wakapanda jukwaa la Metro na Chamberlin nyuma yao. Corgan amewahi kueleza kwamba kabla ya hapo walikuwa wakipiga roki ya huzuni, ya taratibu, na kwamba baada ya mazoezi mawili matatu na mtu huyu alitambua kuwa bendi inaweza kuwa na nguvu ambayo hakuwahi kuifikiria. Hebu tafakarini hilo. Mtunzi anasikia mapigo mapya, ndipo anajua nyimbo zake mwenyewe zinaweza kufika wapi. Chamberlin hakuwa mtu wa roki mbadala hata kidogo, hakuijua vizuri. Alikuja na ya kwake.

Nasema hivyo kwa sababu enzi zile, kwenye roki ya namna hiyo, ufundi mwingi ulikuwa unatiliwa shaka. Vijana wengi waliona mtu anayejua sana chombo chake ni wa zamani, wa kujionyesha. Kwa wapiga dramu wa miaka ya 60 mambo yalikuwa mengine. Charlie Watts wa Rolling Stones, aliyefariki Agosti 2021, aliipenda jazz hadi mwisho wake. Ginger Baker alitoka kwenye jazz ya London, na miaka ya 70 akaishi Lagos na kurekodi na Fela Kuti. Mitch Mitchell alimpigia mpiga gitaa Jimi Hendrix kwa mkono wa jazz mtupu. Wao walipokelewa na wakati wao. Chamberlin aliingia mlango ambao ufundi ulikuwa umeshafungiwa nje, na ufundi ukaingia naye.

Sasa niseme alichokuwa anakifanya, kwa lugha ya kawaida, ili hata asiyepiga chombo anielewe.

Kwenye roki ya kawaida hesabu ni ya nne: mpiga dramu anatia kiki, dramu kubwa ya mguuni, kwenye moja na tatu, sneya, dramu ndogo yenye waya chini, kwenye mbili na nne, na haihati, toazi mbili za kubana, inahesabu katikati. Ni kazi ya kuheshimiwa na ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kwenye jazz hesabu inahama. Inapanda kwenye mkono wa kulia, juu ya toazi kubwa, na mkono wa kushoto pamoja na mguu vinaachwa huru vizungumze na mpiga saksafoni. Akisema neno, unamjibu. Akivuta pumzi, unajaza. Elvin Jones alipokuwa na mpiga saksafoni Coltrane, kati ya 1960 na 1966, alikuwa anamjibu bila kukatisha, mapigo yamesukwa kwa tatutatu, hujui moja iko wapi lakini mwili wako unajua.

Chamberlin aliiacha sneya ya mbili na nne mahali pake, kwa sababu roki bila hiyo inaanguka. Ila katikati ya moja na mbili, katikati ya tatu na nne, akapanda vipigo vidogovidogo vya mkono wa kushoto, kijiti kikidondoka juu ya ngozi kutoka urefu wa kidole tu. Huwezi kuvihesabu kwa sikio la kawaida. Unachosikia ni kwamba wimbo unatembea. Ukiviondoa, nyimbo zilezile zinasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Halafu anapofika mwisho wa mzunguko, pale ambapo wengi huteremka kwenye tomtom, zile dramu za juu na za pembeni, kwa njia moja, yeye hufunga kwa mvumo wa sneya unaopanda sauti, anawainua wapiga gitaa kama vile ni safu ya matarumbeta, na anaangukia kiitikio nao. Hiyo ni bendi kubwa ya jazz, Mhariri. Ni somo lile la Charlie Adams, safari hii limewekewa magitaa yenye sauti ya kukwaruza.

Wimbo wa kwanza kabisa wa albamu yao ya kwanza, Gish, ya mwaka 1991, unaanza na dramu peke yake. Besi inafuata, gitaa linafuata. Bendi ilijua nani wa kufungua mlango. Albamu hiyo ilirekodiwa Madison, Wisconsin, na Butch Vig, prodyuza ambaye mwaka huohuo alitoa albamu ya Nirvana, bendi nyingine ya roki, iliyobadilisha kila kitu kwenye muziki huo. Vig naye ni mpiga dramu. Aliyepata bahati ya kukalishwa mbele ya maikrofoni za mpiga dramu mwenzake anajua ilivyo: unasikilizwa kiki, unasikilizwa ngozi ilivyokazwa, hakuna anayekwambia piga tu tutarekebisha.

Albamu ya pili, Siamese Dream, ilitoka Julai 1993. Waliirekodi Marietta, jimbo la Georgia, mbali na nyumbani, na moja ya sababu za kwenda mbali ilikuwa kumtenga Chamberlin na watu waliokuwa wanampatia dawa. Siifichi habari hiyo. Lakini kuna habari nyingine ya studio hiyohiyo ambayo makala yenu iliiacha. Corgan alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kiwe kama kilivyo kichwani mwake, na inafahamika kwamba sehemu kubwa ya magitaa na besi za albamu ile alizipiga yeye mwenyewe badala ya wenzake. Dramu hakuzigusa. Chombo kimoja tu alimwachia mwenyewe, na ukikisikiliza unaelewa kwa nini.

Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, Cherub Rock, unafunguliwa na mvumo wa sneya. Nilimwekea kijana wangu mmoja, hodari wa kwaya, mwenye kasi ya kutisha. Alisikiliza, akacheka, akasema hiki ni chepesi. Nikampa ubao wetu wa mazoezi, ubao wa mninga uliogongomelewa kipande cha tairi, nikamwambia apige pamoja na simu. Mvumo ule unatoka kwenye mapigo ya mbilimbili: kulia-kulia, kushoto-kushoto, na la pili lazima liwe na uzito sawa na la kwanza. La kwanza kila mtu analiweza, mkono ndio unaolipiga. La pili linatoka kwenye vidole, kijiti kikiruka chenyewe na vidole vikikirudisha. Mkono wake wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto, la pili likawa linapotea. Kwenye tairi halisikiki. Kwenye sneya halisi, yenye waya chini yake, pengo lile linasikika ukumbi mzima. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Sasa ananiomba nyimbo nyingine za "yule mzee wa Chicago". Vijana wa namna hiyo ndio wanaosoma ukurasa wenu.

Kibao kile ambacho mwandishi alisifia fidla zake ni Tonight, Tonight, cha kwenye albamu ya Mellon Collie and the Infinite Sadness, iliyotoka Oktoba 1995 ikiwa na nyimbo 28 na zaidi ya saa mbili za muziki. Fidla zile zilipigwa na wanamuziki wa okestra ya Chicago, kama 30 hivi, na ni nzuri kweli. Naomba mwandishi asikilize tena, lakini safari hii aziache fidla na amfuate aliye chini yake. Sneya ile ni ya gwaride. Inavuma kwa mfululizo, inapanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, na haifuniki fidla hata mara moja. Kupiga dramu za roki pembeni ya vyombo vya nyuzi bila kuvizamisha ni kazi ambayo nimeona wakubwa wakiishindwa. Anayepiga kwa nguvu muda wote hawezi, na anayeogopa hawezi. Inataka mtu aliyekulia kwenye muziki ambao watu wanasikilizana.

Albamu hiyo iliingia nambari moja Marekani, ikatajwa kuwania tuzo 7 za Grammy na kushinda moja. Na kwenye albamu hiyohiyo upo wimbo uitwao 1979 ambao mapigo yake yamejengwa juu ya mashine, yeye akaingia humo kwa upole bila kujitanua. Mtu mwenye uwezo wa kujaza kila nafasi akachagua kuacha. Kwangu hilo lina uzito uleule wa mvumo wa Cherub Rock.

Sasa nije kwenye mwaka 1996.

Usiku wa Julai 11 kuamkia 12, katika hoteli moja New York, Jonathan Melvoin, aliyekuwa akiwapigia kinanda kwenye ziara, alifariki kwa dawa za kulevya alizotumia akiwa na Chamberlin. Alikuwa na miaka 34. Chamberlin alinusurika, akakamatwa, na siku chache baadaye bendi ikamfukuza. Kijana amekufa, familia imepoteza mtu, na hakuna ufundi wa mikono unaoweza kuwekwa kwenye mizani na jambo hilo. Gazeti lina haki ya kuliandika, na vijana wetu wanapaswa kulijua, kwa sababu dawa hizo hata hapa kwetu zimetuondolea wanamuziki. Nimewazika wenzangu. Nisingependa mtu yeyote asome barua hii akadhani naomba lifutwe.

Ninachoomba ni kwamba mtu asiandikwe kwa usiku mmoja tu wa maisha yake. Nami naufahamu uchungu wa kuandikwa hivyo, au kutoandikwa kabisa. Bendi moja niliyoipigia, siitaji, ilitoa kanda iliyouzwa nchi nzima. Juu ya kasha wakaandikwa waimbaji, marapa, hata mwenye gari la kubebea vyombo. Mpiga dramu na mpiga tumba hatukuwemo. Wanangu walikuwa wakiuliza kama kweli ni mimi ninayesikika mle.

Ziara ile iliendelea mwezi Agosti, na Matt Walker kwenye dramu. Walker ni fundi, simpunguzii. Lakini albamu iliyofuata, Adore, ya Juni 1998, ilitengenezwa bila Chamberlin, kwa mashine na kwa wapiga dramu mbalimbali walioalikwa. Ina nyimbo nzuri, zenye majonzi. Corgan alikuwa amefiwa na mama yake. Hata hivyo haikuuza hata kukaribia ile iliyotangulia, na ukiisikiliza baada ya Mellon Collie unasikia nyumba ambayo mtu mmoja amehama. Magitaa yamenyamaza. Wengi wanasema Corgan alitaka kubadili mwelekeo, na ni kweli alitaka. Mimi naongeza kwamba mtunzi aliyezoea kuinuliwa na mtu wa nyuma, huyo mtu asipokuwepo, hatungi tena nyimbo za kuinuliwa.

Hapo ndipo makala yenu ilipoandika kwamba hakurudi tena. Si kweli, na naomba mlisahihishe. Alirudi, na mwaka 1999 walikuwa wakizunguka naye jukwaani. Alipiga kwenye albamu ya Machina ya mwaka 2000, na bendi ilipoagana na mashabiki Desemba 2 mwaka huo, ilikuwa Metro, ukumbi uleule uliodai mtu badala ya mashine, kwa onyesho la zaidi ya saa nne. Baada ya hapo Corgan alianzisha bendi mpya, Zwan, na katika Pumpkins wote mtu aliyemchukua alikuwa Chamberlin. Walipofufua jina la zamani na kutoa Zeitgeist, Julai 2007, albamu ile walirekodi karibu wao wawili tu. Akaondoka Machi 2009. Akarejea 2015. Mwaka 2018 Iha naye akarudi, na kiangazi cha 2024, Chamberlin akiwa ametimiza miaka 60, walikuwa kwenye viwanja vikubwa vya Marekani Kaskazini pamoja na bendi ya roki ya Green Day.

Katikati ya safari hizo alifanya mambo mawili yanayonigusa. La kwanza ni la kiofisi: kwa miaka kadhaa aliongoza kampuni ya teknolojia ya Chicago iitwayo LiveOne, akiwa mkurugenzi mtendaji. Mpiga dramu! Kwetu wapo wanaoamini kwamba mpiga dramu hata mahesabu ya nauli ya daladala hawezi.

La pili ni kwamba alirudi alikotoka. Mwaka 2005 alitoa albamu ya kundi lake mwenyewe, Jimmy Chamberlin Complex, jazz iliyochanganyika na roki, akiwa na Billy Mohler kwenye besi. Mwaka 2014 akarekodi na mpiga saksafoni wa Chicago, Frank Catalano, kazi ya kumuenzi Coltrane na rekodi yake ya Desemba 1964, A Love Supreme, ambayo Elvin Jones alipiga dramu. Chamberlin alikuwa mtoto wa miezi sita rekodi ile ilipofanyika. Mwaka 2017 kundi lake likatoa albamu nyingine, The Parable. Ukisikiliza kazi hizi unakuta mikono ni ileile. Hakubadili mtindo kwenda roki, wala hakubadili kurudi jazz. Alikuwa anaongeza na kupunguza sauti tu.

Kwa wahariri wa burudani nina ombi moja la kazi: mnapochambua albamu, ya ndani au ya nje, mtaje aliyepiga dramu, na kama ni mashine, mtaje aliyeipanga. Haichukui hata nusu mstari.

Na kwa vijana wa makanisani na wa bendi, ambao wananipigia simu wakitaka niwafundishe kasi: msianze na nyimbo za Pumpkins. Anzeni na Elvin Jones kwenye ile rekodi ya Coltrane, hata kama hamtaielewa mara ya kwanza, mfuate toazi lake tu mpaka mwisho. Kisha mwekeni Krupa wa 1938. Baada ya hapo ndipo mfungue Siamese Dream, wimbo wa kwanza, na ubao wa mazoezi uwe mapajani, mkono wa kushoto ukitangulia.

Mwalimu wa dramu,
Magomeni, Dar es Salaam